Redio Haitazamwi

Habari za kifo cha Bi Mwanaisha zilinikuta kazini Lusail, kando ya Doha, katika chumba cha mawasiliano ninakokaa siku nzima na redio tatu mezani. Shiru ndiye aliyenipasha. Hakuandika, alituma sauti, na humo alilia kwanza ndipo akasema kwamba Mathe, kama tulivyomwita, amefia kwao Mombasa na ameshazikwa. Ijumaa iliyofuata tukakutana watatu, mimi, Shiru na Nakato, tuliowahi kulala chumba kimoja katika kempu ya Al Wukair, tukasimama na vikombe vya karak kando ya kibanda cha chai. Shiru siku hizi yuko mapokezi katika kliniki, Nakato anasindikiza watoto kwenye basi la shule, na unene umetukuta sote. Kisha Nakato akageuka, akafumba macho, akauelekeza uso wake kwenye ukuta wa kibanda, na sisi wawili tukafanya vivyo hivyo bila kuambiana, wanawake wazima watatu tumewapa watu migongo. Mwuza chai alitoka kuuliza kama tunajisikia vibaya. Mimi singeweza kumweleza, maana nina kigugumizi tangu nianze kusema, na kigugumizi changu hakipendi wageni. Kwenye karatasi sigugumii, kwa hiyo nitaeleza hapa.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Doha, nami nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimeshapoteza kazi mbili Nairobi, moja ya dukani na nyingine ya mapokezi, zote kwa kosa la kuchelewa kusema «karibu». Kampuni ya ulinzi iliyonileta Doha iliniajiri kwa picha na barua, bila kunisikia, na mimi nikaona hiyo ni bahati ya ajabu. Tulikaa kwenye kempu ya wanawake, jengo la ghorofa mbili lenye ukuta mrefu na geti ambalo mwanamume haruhusiwi kulivuka, hata awe bosi. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vitatu vya ghorofa. Kila aliyelala chini alining'iniza leso kuzunguka kitanda chake apate kajumba kake ka kubadilishia nguo na kulilia. Yangu ilikuwa nyekundu yenye korosho nyeupe. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya nywele, ya omena, dagaa wa ziwani, aliokuwa akikaanga Shiru kinyume cha sheria za kempu, na ya sabuni ya Nakato, ambaye alifua hata nguo zisizovaliwa. Na kulikuwa na ugomvi wa rimoti ya AC, usioisha. Shiru alitaka baridi ya kuhifadhia nyama. Nakato alilala na soksi na sweta, akimwombea Shiru mambo kwa Kiganda ambayo sikuyaelewa na sidhani yalikuwa mema.

Bi Mwanaisha alikuwa mpishi wa kempu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye buibui lililopauka mabegani, na mwendo wa mtu asiye na haraka hata ugali ukiungua. Wakenya walimwita Mathe, Nakato alimwita Maama, mimi nilimwita Bi kwa sababu B haikunisumbua sana. Sauti yake ndiyo iliyonishtua siku ya kwanza. Alikuwa akiuliza tu nani hali pilipili, lakini aliuliza kwa namna iliyofanya watu sitini wenye sahani mikononi wanyamaze. Nilidhani ni ukali. Baadaye ndipo nilipojua kwamba sauti ile ilikuwa imesomeshwa.

Tulijua Ijumaa moja ya vumbi. Asubuhi hiyo upepo ulileta mchanga mpaka dirisha likawa na rangi ya chai ya maziwa, mabasi ya kwenda kanisani yakafutwa, na waliotaka kwenda kutembea Corniche, kando ya bahari, wakavua viatu kwa hasira. Bi Mwanaisha alitoka kuswali, akapanda na sinia la wali na kuku, akatukuta tumeshikana mashati kwa ajili ya rimoti.

«Mwagombania baridi?» akauliza. «Watu wazima?»

«Tumeboeka, Mathe,» Shiru akasema. «Hata bando imeisha.»

«Kuleni, kisha nitawapa redio. Mimi nilikuwa redioni.»

«Redio gani? Ya mapishi?»

«Ya kwenda kwenye nyota.»

Tulicheka mpaka Nakato akapaliwa na wali. Bi Mwanaisha hakucheka. Alingoja tumalize, akanituma jikoni nikalete sinia tupu la kuokea, bakuli la mchele mkavu, sufuria kubwa, karatasi ya fedha ya kufunikia nyama, na bilauri ya maji. Niliporudi alikuwa ameshaingia kitandani mwangu, ndani ya leso. Akanivuta niingie pia, nikae miguuni pake nimpe vitu akivitaka. Kisha akawaambia wenzangu, kwa sauti ile iliyosomeshwa: «Geukeni ukutani nyote. Fumbeni macho. Redio haitazamwi.»

Naye akaanza. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na nimeona mambo, nimeona jiji zima likiota Lusail mahali palipokuwa na mchanga, lakini sijaona kitu kama kile. Alisema ni chombo kinaitwa Nuru, kimeruka kutoka kilele cha mlima wetu kikiwa na watu sita, kinakwenda kwenye nyota ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Mngurumo wa AC aliugeuza injini kwa kuutaja tu: «Sikilizeni injini.» Tangu hapo hakuna aliyeisikia AC tena. Alipenyeza uso ndani ya sufuria, na nahodha akasema akiwa amevaa kofia ya hewa. Aliikunja karatasi ya fedha polepole, moto ukala waya za chumba cha usukani. Alipitisha kidole chenye maji kwenye ukingo wa bilauri, na nyota ikaimba, wembamba wa sauti hiyo ukanipita kwenye meno. Kisha akanionyesha mchele kwa jicho. Niliumwaga mwenyewe kwenye sinia, chembe chembe kwanza, halafu kwa mkono mzima, na vimondo vikaupiga ubavu wa Nuru. Mchele nimeushika mimi, ni ule ule wa kempu wenye vijiwe, na bado niliinamisha kichwa visinipige. Nje ya leso nikamsikia Nakato akisema, «Banange, tunakufa!» Hakuwa akitania.

Mwisho wa kila sehemu ulikuwa mmoja. Kwenye Nuru alikuwemo msichana wa mawasiliano, anaitwa Zena, na huyo ndiye aliyeigizwa na Bi Mwanaisha alipokuwa msichana wa miaka ishirini, katika kituo cha redio huko nyumbani, zamani kabla televisheni haijaenea. Zena huita: «Dunia, Dunia. Hapa Nuru. Tupo hai.» Kisha kimya. Husubiri jibu, jibu haliji, na mchezo unakwisha hapo mpaka wiki ijayo. Siku ya kwanza, kimya kile kilikaa muda mrefu sana. Shiru, aliyejifanya hana habari na lolote, ndiye aliyesema kwanza. «Mathe, wanajibiwa lini?» Bi Mwanaisha akakusanya mchele wake chembe kwa chembe, maana ulikuwa wa chakula cha jioni. «Hawakujibiwa,» akasema. «Baada ya miaka miwili tulikwenda kurekodi ya mwisho tukaambiwa kipindi kimeondolewa. Kanda zilitumiwa tena kwa mambo mengine. Hata sijui kama kulikuwa na mtu akisikiliza. Barua za wasikizaji hazikuwa zikitufikia sisi waigizaji.» Alisema hivyo bila kulalamika, akifuta sinia kwa pindo la buibui. Mimi nilisikia uchungu kwa niaba yake. Miaka miwili ya kusema ndani ya kisanduku, na hujui kama kuna sikio upande wa pili.

Basi ikawa kila Ijumaa baada ya chakula. Wa vyumba vingine wakaanza kuja, wanakaa sakafuni nyuso zimeelekezwa ukutani kama watoto walioadhibiwa, Wakristo kwa Waislamu, na leso yangu katikati. Na mimi, kwa kukaa miguuni pake kila wiki, nikawa nayasema maneno ya Zena pamoja naye, midomo tu, bila sauti.

Kazini mambo yalikuwa mengine. Tulilinda majengo yaliyokuwa yakijengwa Lusail, na kila nusu saa Kontro, yaani chumba cha mawasiliano, huita mageti yote kwenye redio za mkononi, moja baada ya jingine. Wewe hujibu kwa Kiingereza: jina la geti, kisha kwamba kuko salama. Geti langu lilikuwa Kilo Nne, ingawa hewani liliitwa kwa Kiingereza. Kama kuna mtu alikaa mahali akatafuta herufi ya kuninyonga, aliipata. K yangu huganda kooni, kidevu kinatetemeka, macho yananitoka, na anayenitazama huanza kunisaidia kwa mdomo wake, jambo ambalo huniongezea maradhi. Miezi mitatu ya kwanza Nakato ndiye aliyejibu kwa niaba yangu, kwa kuwa tulikuwa wawili getini na redio zile zilifanya wanawake wote wasikike kama dada mmoja. Kisha walinzi wakapunguzwa, Nakato akahamishiwa geti la mbele, nami nikabaki peke yangu kwenye geti la mizigo. Nikawa nabonyeza kitufe, naachia. Tik. Basi. Kwa siku nne Kontro walidhani mtambo ndio mbovu.

Siku ya tano alikuja msimamizi wetu, Afande Barasa, Mkenya aliyestaafu jeshini, mtu wa masharubu yaliyopigwa pasi. Alisimamisha pikapu jua likiwa utosini, akashusha kioo. «Nekesa. Uko hai ama umekufa?»

«N-n-niko, Afande.»

Akanitazama muda. Akaelewa, nikaona ameelewa, na hilo liliniuma kuliko angenitukana. «Sikiza, dada. Mimi binafsi sina shida na wewe. Unafika mapema, haulali kazini. Lakini mwenye jengo akiuliza Kilo Nne inalindwa na nani, nimwambie inalindwa na kimya? Siku moto ukishika hapa utaniitaje? Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Siku hiyo nitakaa Kontro mimi mwenyewe, nitakuita mara tatu. Usipojibu, naandika barua urudishwe nyumbani.»

Hakuwa mtu mbaya. Nilijaribu kumchukia jioni yote nikashindwa, kwa sababu ya ule moto aliouliza. Nilijua pia kwamba nikirudishwa sitapata tena waajiri wasionisikia kwanza. Nilikuwa na siku kumi na tisa. Nilifanya mazoezi bafuni, nikimwambia bomba «Kilo Nne» mpaka waliopanga foleni nje wakagonga. Nakato alisema niweke kokoto mdomoni. Shiru alisema nimeze asali. Nilifanya yote mawili, kwa nyakati tofauti, na sikupata kitu ila kikohozi.

Ijumaa ya mwisho kabla ya siku hiyo, chumba kilijaa mpaka mlangoni. Bi Mwanaisha alikuwa na mafua. Alivumilia nahodha, akavumilia vimondo, lakini ilipofika zamu ya Zena akashika shingo, akatikisa kichwa, akanielekezea kidole. Mimi? Akaniwekea mkono gotini. Leso ilikuwa imetufunika, hakuna aliyeniona, watu thelathini walikuwa wamefumba macho wakingoja msichana mmoja aliye mbali sana aseme. Nikasema, «Dunia, Dunia. Hapa Nuru. Tupo hai.»

Ilitoka nzima. Ilitoka bila kukwama popote, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba, thabiti, yenye baridi ya mbali ndani yake. Halafu Shiru, bado amegeukia ukuta, akauliza kwa woga, «Manze, huyo ni nani?» Miezi mingi tumekula sufuria moja na hakunijua. Bi Mwanaisha alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Nililia, sioni haya kusema. Watu wote walipotoka aliniambia, kwa sauti iliyokauka, «Wajua, mwanangu, mimi pia sikuwa nikisema vizuri mbele za watu. Nilikuwa mwoga, natetemeka. Ndiyo maana nikaipenda redio. Watu wakikutazama mdomo, mdomo si wako tena.»

Siku ya mwisho wa mwezi nilipanga vizuri. Nitageukia ukuta wa zege, nitafumba macho, nitajifanya ni Zena, lakini nitasema maneno ya kampuni. Niliyarudia njia nzima kutoka Al Wukair hadi Lusail, kichwani. Saa nne asubuhi redio ikakohoa. Afande Barasa akaita Kilo Nne. Nikabonyeza, K ikaganda. Akaita mara ya pili, taratibu zaidi, na safari hii kikatoka kipande, k-k-k, ambacho bila shaka kilisikika mageti yote kumi na moja. Mtu mmoja akacheka kwenye masafa, akanyamazishwa. Ndipo nikakumbuka ukuta. Nikageuka, zege lilikuwa na joto karibu na paji langu, nikafumba macho. «Kilo Nne, mara ya tatu,» Afande akasema. Nami nikabonyeza, nikasema wazi, kwa Kiswahili, masafa yote yakinisikia: «Dunia, Dunia. Hapa Nuru. Tupo hai.»

Nilifumbua macho nikajua nimejimaliza. Maneno yalikuwa yametoka yenyewe, hayakuniuliza. Kiswahili kilikuwa marufuku hewani, na huo hata haukuwa ujumbe wa ulinzi, ulikuwa wazimu. Nilianza kuvua kofia. Kwa kawaida masafa yale hayatulii, kuna mtu anapumua, kuna mtu anakohoa, lakini wakati huo hapakuwa na hata mkwaruzo. Kisha sauti ya Afande Barasa ikaja, na haikuwa ya Afande. Ilikuwa ya chini, ya kijana.

«Nuru, Nuru. Hapa Dunia. Tumewasikia.» Akakawia. «Tumewangoja sana.»

Nikakaa chini kwenye vumbi la geti la mizigo na redio mapajani. Bi Mwanaisha alituambia jibu halikuwahi kuja. Katika sehemu zote, kwa miaka yote miwili, halikuja hata mara moja. Sasa lilikuwa limekuja, kutoka kwa mwanajeshi mwenye masharubu, kwenye masafa ya kampuni, na lilinikuta mimi.

Zamu ilipokwisha hakuniacha nipande basi. Alinichukua kwa pikapu, Nakato akikaa nasi ili kulinda heshima. Tulipita Doha yote. Karibu na Al Wukair ndipo alipouliza, macho barabarani, «Hayo maneno umeyatoa wapi?»

«K-kwa mpishi.»

«Mpishi wa kempu?» Akapunguza mwendo. «Nikiwa mtoto, kwetu hatukuwa na redio. Nilikuwa nasikilizia nje ya kinu cha posho, mwenye kinu aliweka yake dirishani. Yule dada akiita, mimi nilikuwa namjibu. Watu wananicheka. Nilifikiri pengine hasikii kwa sababu tuko wachache tunaojibu.» Akavuta pumzi. «Kisha ikakatika. Nilienda pale kinuni Jumamosi kumi nikingoja. Kuhusu ile barua, siandiki. Lakini kesho useme Kiingereza, tafadhali.» Akasimamisha gari getini. «Mimi siruhusiwi kuingia. Nenda umuulize, walifika?»

Nilimkuta Bi Mwanaisha jikoni akikata vitunguu. Nikamweleza, na nilimweleza vibaya, kwa kukwama na kurudi nyuma, naye akaacha kisu. Akataka nirudie jibu la Afande. Nikarudia. Akataka tena, na alinyamaza wapi, na alisema «sana» au «mno», na sauti ilikuwa juu au chini. Kisha akauliza kuhusu kile kinu, mtoto alikuwa na umri gani, alisimama au alikaa. Nilimjibu niliyoyajua. Aliketi juu ya gunia la mchele, buibui limemporomoka mabegani, akatazama mikono yake iliyojaa maganda. Machozi yalimshuka naye hakuyafuta, na vitunguu havikuwa na hatia.

«Kumbe palikuwa na mtu,» akasema. «Palikuwa na mtu muda wote.»

Nikamwambia Afande anangoja nje, anataka kujua kama walifika. Aliinuka. Alipakua wali, akachagua paja la kuku, akaweka na ndimu pembeni, akafunika. Akanipa sahani kwa mikono miwili. «Mwambie tumefika,» akasema. «Mwambie tumefika leo.»

Nilivuka ua, nikatoka getini. Afande Barasa alikuwa amesimama kando ya pikapu, ameshavua kofia. Nikampa sahani, nikafungua mdomo, na T ikagoma, ikagoma kabisa, mbaya kuliko K ya asubuhi. Hakunisaidia kwa mdomo wake, wala hakutazama saa. Alisimama na sahani yake juani akasubiri mpaka nikamaliza.